Kuisoma Mombasa ya angani: mwongozo kamili wa kujua asteroidi iligunduliwaje na inapita wapi

Kuna Mombasa mbili. Ya kwanza unaijua: kisiwa cha Mvita, Likoni upande mmoja na Nyali upande wa pili. Ya pili iko kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii. Ni jiwe jeusi lenye upana wa kilomita 50 na kitu, kama mwendo wa matatu kutoka mjini hadi Kilifi, nalo huchukua karibu miaka mitano kulizunguka Jua mara moja tu. Mawe ya namna hii huitwa asteroidi, na kwenye orodha za wanaastronomia hili linaandikwa 1428 Mombasa.

Nani aliliona, lini, linapita wapi: yote hayo yamebanwa kwenye kadi moja ya tarakimu, ambayo watu wengi wakiifungua huifunga papo hapo. Mwongozo huu ni wa kuisoma kadi hiyo mstari kwa mstari na kuhakikisha tarakimu zake kwa mkono wako mwenyewe. Nimechagua Mombasa kwa sababu ya jina, sikatai. Lakini pia obiti yake, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, ina jambo ambalo utaligundua kwa kugawanya namba mbili tu. Tutafika.

Andaa simu yenye kikokotoo, kalenda kuukuu ya ukutani (upande wa nyuma ni mweupe na karatasi ni pana), uzi wa kushonea, pini mbili, rula, penseli, kipimapembe, mfuniko wa ndoo ya plastiki na beseni la maji. Ukiweza kuazima darubini ya macho mawili, itakufaa hatua ya mwisho.

Hatua ya 1: Ifungue kadi

Zipo hazina mbili kubwa za kumbukumbu za asteroidi, na zote ni bure. Moja inatunzwa na Minor Planet Center, ofisi ya Cambridge, Massachusetts, inayopokea vipimo vya asteroidi kutoka dunia nzima. Nyingine ni ya JPL, maabara ya NASA iliyoko California. Kwa anayeanza, ya JPL inasomeka kwa urahisi zaidi. Andika 1428 kwenye kisanduku cha kutafutia, kadi itafunguka.

Tafuta kwa namba au kwa jina kwanza, si kwa ile alama ya herufi inayotangulia jina (tutaifumbua Hatua ya 3). Mara ya kwanza mimi nilijifanya mjuzi, nikaandika alama ya muda ya Mombasa, 1937 NO, na sikupata kitu. Nikajaribu tena, patupu. Nikailaumu intaneti, nikawasha simu upya, nikanunua bando. Kumbe nilikuwa naandika sifuri badala ya herufi O. Kwenye alama hizi herufi mbili za mwanzo ni herufi kweli. Tarakimu, kama zipo, huja baada yake.

Kadi ina tarakimu nyingi baada ya nukta. Usitishike. Kwa kazi yetu mbili zinatosha, na ndizo nitakazotumia hapa.

Hatua ya 2: Elewa namba

1428 si mwaka wala si ukubwa. Ni nafasi yake kwenye rejista. Asteroidi haipewi namba siku inapoonekana. Hupewa pale obiti yake inapojulikana vizuri kiasi kwamba haiwezi kupotea tena. Kwa hiyo foleni ya namba hailingani na foleni ya kuonekana. 1429 Pemba ilionekana tarehe 2 Julai 1937, na Mombasa tarehe 5 Julai, siku tatu baadaye, lakini Mombasa ndiyo iliyotangulia kwenye rejista. (Wapemba wasinijie juu, rejista si yangu.)

Ukipekua namba za jirani utahisi kuna mtu alikuwa na ramani ya Afrika mezani: 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba, 1430 Somalia. Rudi nyuma kidogo ukutane na 1278 Kenya na 1279 Uganda. Songa mbele, kuna 1641 Tana. Zote hizo ziligunduliwa na Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza wa mwaka 1903 aliyekulia Afrika Kusini na kufanya kazi katika kituo cha Union Observatory, Johannesburg. Kwa jumla amehesabiwa asteroidi 72. Na yeye mwenyewe amepewa yake, 2193 Jackson.

Johannesburg palikuwa mahali pa faida. Wengi wa wawindaji wa asteroidi wa zama zile walikuwa Ulaya na Marekani, na kwao sehemu ya kusini ya anga hukaa chini, karibu na upeo, penye ukungu na moshi. Kwa Jackson sehemu hiyohiyo ilikuwa utosini.

Hatua ya 3: Fumbua alama ya muda

Kabla ya namba na jina, kila asteroidi hupewa alama ya muda, na alama hiyo ni tarehe iliyofichwa. Ya Mombasa, kama nilivyosema, ni 1937 NO. Inafumbuliwa hivi.

Mwaka unajieleza. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni tarehe 1 hadi 15 Januari, B ni 16 Januari hadi mwisho wa mwezi, C ni nusu ya kwanza ya Februari, na kuendelea. Herufi I inarukwa kwa sababu inafanana na namba moja. Hesabu kwa vidole: G na H ni Aprili, J na K ni Mei, L na M ni Juni, N ni nusu ya kwanza ya Julai. Herufi ya pili ni zamu ndani ya nusu hiyo ya mwezi, na hapa pia I inarukwa. Kwa hiyo O ni ya 14. Tukiunganisha: ugunduzi wa kumi na nne ulioandikishwa kati ya tarehe 1 na 15 Julai 1937. Tarehe 5 Julai imo ndani. Sawasawa.

Sasa jaribu mwenyewe kwa 1937 NH, ambayo ni Pemba. Ukipata zamu ya 8 ya nusu hiyohiyo ya Julai, umeelewa. Kisha 1933 LA na 1933 LB. Hizo ni Kenya na Uganda, zimefuatana kama pacha: nusu ya kwanza ya Juni, wa kwanza na wa pili, na kweli zote mbili ni za tarehe 15 Juni 1933. Kwamba hadi siku ya mwisho ya nusu ya mwezi herufi zilikuwa bado A na B inakuonyesha jinsi mavuno yalivyokuwa machache wakati ule.

Siku hizi ugunduzi unamiminika, herufi 25 haziwezi kutosha, ndiyo maana utaona alama kama 1998 SF36. Hiyo ni asteroidi Itokawa, ile ambayo chombo cha Japani kilichukua vumbi lake. Tarakimu za mwisho zinasema herufi zimezunguka mara ngapi: 36 mara 25 ni 900, ongeza F ambayo ni 6, unapata 906. Ugunduzi wa 906 wa nusu ya pili ya Septemba 1998. Linganisha na wale wawili wa Juni 1933.

Hatua ya 4: Igiza ugunduzi kwa mchele

Darubini haionyeshi tofauti kati ya asteroidi na nyota. Zote ni nukta. Kinachoifichua asteroidi ni kutembea: nyota zinabaki kwenye mpangilio wake, yenyewe inahama. Katika enzi ya Jackson picha zilipigwa kwenye mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa, na fundi alilinganisha mabamba mawili ya sehemu ileile ya anga. Kulikuwa na chombo kinachompa mtazamaji bamba la kwanza, la pili, la kwanza, la pili, harakaharaka. Nyota zinatulia. Kilichohama kinarukaruka. Hapohapo Johannesburg, mwaka 1915, Robert Innes alilinganisha mabamba ya namna hiyo akaitambua Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua letu.

Fanya hivi nyumbani. Mwaga mchele kiganja kimoja kwenye sinia la rangi nzito. Egemeza simu juu ya vikombe viwili ili isitikisike, piga picha. Sogeza punje moja tu, kiasi cha unene wa kidole, halafu piga tena bila kugusa simu. Mpe mtu picha zote mbili aziangalie moja pembeni ya nyingine atafute punje iliyohama. Atahangaika. Kisha mwambie azipitishe kwa kidole, mbele nyuma, mbele nyuma. Nilipofanya hivi na watoto wa jirani, yule wa miaka sita aliiona kabla yangu, na mimi ndiye niliyeisogeza.

Kuiona mara moja hakutoshi. Nukta iliyohama usiku mmoja ni mgeni asiye na anwani. Wiki kadhaa baadaye hujui umtafute wapi. Hilo lilitokea kwa asteroidi ya kwanza kabisa. Giuseppe Piazzi aliiona Ceres huko Palermo tarehe 1 Januari 1801, akaifuata siku kama arobaini, akaugua, na baadaye Ceres ikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alibuni njia ya kukokotoa obiti kutokana na vipimo vitatu tu vya mahali ilipoonekana, na mwisho wa mwaka uleule ilipatikana karibu kabisa na alipotabiri. Tangu hapo ugunduzi una nusu mbili: jicho na hesabu. Ukiona kwenye kadi idadi ya vipimo na urefu wa kipindi vilipochukuliwa, ujue hiyo ndiyo dhamana ya obiti. Kipindi cha siku chache ni mkopo bila mdhamini. Cha miongo kadhaa, kama cha Mombasa, ni hati ya nyumba.

Hatua ya 5: Umbali hukupa muda

Sasa obiti yenyewe. Kwenye kadi tafuta herufi ndogo a. Hiyo ni nusu ya kipenyo kirefu cha njia yake, yaani kwa lugha ya kawaida, umbali wake wa wastani kutoka kwenye Jua. Haipimwi kwa kilomita bali kwa vizio astronomia. Kizio kimoja ni umbali wa Dunia na Jua, kilomita milioni 149.6. Ya Mombasa ni 2.81.

Johannes Kepler alitangaza mwaka 1619 kanuni ambayo mpaka leo sijaichoka: ukijua umbali, unajua muda. Zidisha umbali kwa wenyewe mara tatu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwenye simu: 2.81 × 2.81 × 2.81, jibu 22.19. Bonyeza alama ya kipeuo, 4.71. Hiyo ni miaka. Zidisha kwa 365.25 upate siku 1,720 hivi. Ukirudi kwenye kadi utaona muda wa mzunguko unakaribiana na wako, tofauti ikiwa ni zile tarakimu tulizozikata.

Makosa ni mawili. Moja ni kutumia kilomita. Kanuni katika sura hii rahisi inakubali vizio astronomia tu. La pili ni kuanza na kipeuo na kusahau kuzidisha mara tatu. Ukipata jibu dogo kuliko umbali wenyewe, umekosea, maana kila kilicho mbali kuliko Dunia lazima mwaka wake uzidi wetu.

Kwa zoezi chukua 1278 Kenya, ambayo a yake ni 2.4 hivi. Utapata miaka 3.7. Asteroidi nyingi zimejipanga katika ukanda mpana kati ya Mirihi na Mshtarii: Kenya iko ukanda wa ndani, Mombasa ukanda wa kati. (Kenya ina kituko kingine: kujizungusha kwake mara moja huchukua saa 188 hivi, karibu siku nane, ilhali asteroidi nyingi humaliza kwa saa chache. Hakuna haraka barani.)

Hatua ya 6: Chora njia yake kwa uzi

Herufi e ni uduaradufu, yaani njia imeachana kiasi gani na duara kamili. Sifuri ni duara kamili. Ikikaribia moja, njia ni ndefu na nyembamba kama ya kimondo chenye mkia. Mombasa ina 0.14, Kenya kama 0.26, Dunia haifiki 0.02.

Tandika kalenda sakafuni, juu ya boksi ili pini zishike. Sentimita 5 ziwe kizio astronomia kimoja. Choma pini mbili, umbali wa sentimita 3.9 kati yake. Funga uzi uwe kitanzi chenye mzunguko wa sentimita 32; pima baada ya kufunga fundo, kwa sababu fundo hula uzi. Tupia kitanzi juu ya pini zote mbili, ingiza ncha ya penseli ndani, vuta uzi ukaze, zungusha. Penseli ikirudi ilipoanzia, umechora njia ya Mombasa kwa vipimo. Pini moja iandike Jua. Nyingine ing'oe, haina kitu. Mungu hakuweka chochote pale.

Tarakimu hizo sikuziokota. 3.9 ni mara mbili ya a zidisha e, kwa kipimo chetu: 2 × 14.05 × 0.14. Na 32 ni hiyo 3.9 ukiongeza kipenyo kirefu chote, 28.1. Kwa fomula hiyo unaweza kuchora asteroidi yoyote.

Mpwa wangu alipomaliza kuzungusha penseli aliitazama kazi yake, akakunja uso. "Mjomba, hii si ni duara tu? Halafu Jua mbona liko kando?" Ameona mambo mawili ambayo michoro ya vitabu huyapotosha. Vitabu huchora njia hizi kama yai. Kwa uduaradufu wa 0.14 upana na urefu hutofautiana kwa milimita tatu tu katika sentimita 28, na jicho halishiki. Kinachoonekana ni Jua kutokuwa katikati. Uduaradufu mdogo ujifunze kuuona hapo, kwenye mahali pa Jua, si kwenye umbo.

Pima kwa rula kutoka kwenye pini ya Jua. Upande wa karibu utapata kama sentimita 12.1, upande wa mbali 16. Gawanya kwa 5: vizio 2.42 na 3.2. Hizo ndizo periheli na afeli, kwenye kadi zimeandikwa q na Q. Kwa kilomita ni milioni 362 na milioni 479 hivi. Na kwa sababu kitu kikiwa karibu na Jua hukimbia zaidi, kasi ya Mombasa kwenye periheli ni kubwa kwa takriban theluthi moja kuliko kwenye afeli. Wastani wake ni kama kilomita 18 kwa sekunde. Ya Dunia inakaribia 30.

Kabla hujakunja kalenda, zungusha Dunia kwa bikari, nusu kipenyo sentimita 5, na Mirihi sentimita 7.6, zote kutoka kwenye pini ya Jua. Mshtarii inahitaji sentimita 26, itaangukia sakafuni nje ya karatasi. Acha iwe hivyo. Weka ndimu pale.

Hatua ya 7: Ilaze njia kwenye maji

Kalenda ni bapa, anga si bapa. Herufi i ni mwinamo, pembe kati ya njia ya asteroidi na njia ya Dunia. Mombasa ina digrii 17, ambazo ni nyingi. Hakuna sayari kubwa inayozidi 7, na hiyo ni Utaridi peke yake.

Jaza beseni maji. Uso wa maji ndio bapa ambalo Dunia inazunguka. Chukua mfuniko wa ndoo, uwe ndio njia ya Mombasa, na weka alama ya Jua kando kidogo ya katikati, kama kwenye karatasi. Uzamishe ukiwa umeinama mpaka maji yakate mfuniko kwa mstari unaopita kwenye Jua. Upande mmoja uko juu ya maji, mwingine umezama. Weka kipimapembe ukingoni, rekebisha hadi digrii 17. Hivyo ndivyo ilivyo: nusu ya safari Mombasa iko juu ya bapa letu, nusu iko chini, na katika vilele inaachana nalo kwa kilomita milioni 120 hivi. Jiwe likionekana kwenye picha ya anga limekaa nje kabisa ya njia ya sayari, mwinamo ndio sababu.

Herufi zinazobaki zinaeleweka ukiwa bado umeshika mfuniko. Ω, herufi ya Kigiriki, inasema mstari wa maji umeelekea wapi. ω inasema periheli iko digrii ngapi kutoka pale mfuniko unapoibuka majini. M inasema asteroidi yenyewe imefika wapi siku fulani, na siku hiyo imeandikwa juu ya kadi. Usiipuuze tarehe hiyo. Mshtarii huvutavuta mawe haya kila mwaka, tarakimu husogea, na kadi ya miaka kumi iliyopita itakupeleka kwenye sehemu tupu ya anga.

Hatua ya 8: Muulize Mshtarii

Mwaka wa Mshtarii ni 11.86 kwa miaka yetu. Ugawanye kwa mwaka wa Mombasa: 11.86 ÷ 4.71. Jibu ni 2.52.

Tulia hapo kidogo. Ingekuwa 2.5 kamili, Mombasa ingezunguka mara tano Mshtarii ikizunguka mara mbili, na kila baada ya raundi hizo wangekutana mahali palepale. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Hutumii nguvu, unasukuma kidogo, lakini kila mara kwenye pointi ileile, na bembea inazidi kupaa. Mshtarii husukuma hivyohivyo. Jiwe lililokaa kwenye uwiano wa namna hiyo, uduaradufu wake hukua hadi njia yake ikakatiza njia za sayari, na mwisho hutolewa nje ya ukanda. Daniel Kirkwood wa Marekani aliziona nafasi hizo tupu mwaka 1866: karibu na vizio 2.5, 2.82, 2.96 na 3.28.

Na Mombasa iko 2.81. Mlango kwa mlango na pengo la 2.82! Sehemu hiyo hutumiwa kama mpaka kati ya ukanda wa kati na wa nje, kwa hiyo jiwe letu ni kama nyumba ya mwisho ya mtaa, ukingoni mwa korongo. Kwenye orodha ndefu ya tarakimu hutaliona jambo hili. Kadi haikwambii. Linatokea unapogawanya tu. Fanya hivyo kwa kila asteroidi utakayoichunguza: mwaka wa Mshtarii kwa mwaka wake, kisha uangalie kama jibu linakaribia 2, 2.33, 2.5 au 3. Kwa Kenya ni 3.18 hivi; salama, upande wa ndani wa pengo la kwanza.

Hatua ya 9: Jua itakuwa mkabala lini

Asteroidi hung'aa zaidi inapokuwa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati: inachomoza Jua likizama na saa sita usiku iko juu kabisa. Muda kati ya mkabala mmoja na mwingine unapatikana kwa kugawanya mwaka wake kwa mwaka huohuo ukitoa moja. Mombasa: 4.71 ÷ 3.71 = 1.27, yaani siku 464, miezi kumi na tano na siku kadhaa.

Lakini usiende uwanjani kuitafuta. Ni hafifu mno hata kwa darubini nyingi za shule. Inataka darubini kubwa yenye kamera na mahali penye giza. Kwa macho yetu kuna dada yake mkubwa.

Hatua ya 10: Iwinde Vesta

Vesta iligunduliwa na Heinrich Olbers huko Bremen, Ujerumani, tarehe 29 Machi 1807. Ina upana wa kilomita 525 na uso unaoakisi mwanga vizuri, ndiyo maana ndiyo asteroidi inayong'aa kuliko zote za ukanda. Siku nzuri huonekana hata bila chombo penye giza totoro. Kwa darubini ya macho mawili ya 10×50 (inakuza mara kumi, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50) haina shida.

Ilikuwa mkabala tarehe 2 Mei 2025. Kwa a ya 2.36 mwaka wake ni 3.63, na muda wa mkabala hadi mkabala ni siku 504. Ongeza, utaangukia Septemba 2026. Kumbe mkabala wenyewe ni Oktoba 2026. Hesabu haijakosea, siku 504 ni wastani, na safari hii Vesta inapita periheli, inakimbia, Dunia inachukua wiki chache zaidi kuifikia. Ni mambo yaleyale ya Jua kukaa kando.

Pakua programu ya ramani ya nyota kama Stellarium, andika Vesta, iweke tarehe na mji wako. Chagua usiku usio na Mwezi mpevu, toka taa za mtaani, yape macho dakika ishirini bila kuangalia simu. Egemeza viwiko ukutani au lala chali kwenye mkeka, maana mikono ikitikisika nyota hafifu hupotea. Tafuta nyota ing'aayo iliyo jirani na Vesta kwenye ramani, ishike katika darubini, kisha tembea taratibu.

Usijilazimishe kuamua ni nukta ipi. Chora duara kwenye daftari, weka kila nukta unayoiona, hata saba au nane, kubwa kwa zinazong'aa. Andika tarehe, saa na mahali. Rudi baada ya siku mbili, chora tena bila kutazama mchoro wa kwanza. Karibu na mkabala Vesta huhama karibu upana wa Mwezi mpevu kwa siku mbili, na kuelekea magharibi, kinyumenyume, kwa sababu Dunia ndiyo inayoipita. Weka michoro pembeni kwa pembeni, kama zile picha za mchele.

Oktoba kwetu vuli inakaribia, na mawingu hayana ratiba. Anza wiki mbili kabla ya mkabala, usingoje usiku wenyewe. Ukikosa siku ya pili, ya nne au ya tano bado inafaa. Nukta itakuwa imekwenda mbali zaidi, ila panua duara lako.